ATV inapiga stata vizuri ila haiwaki: tuanze na kipi kabla ya kununua spea?

#1 Njiro_Juu
Wakuu, salaam. ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ya kichina, cc 250, kabureta, injini ya kupozwa na hewa, stata ya umeme tu. Iko Njiro hapa Arusha. Jumamosi iliwaka kama kawaida, ikaoshwa kwa mashine ya presha, ikalala siku mbili. Tangu Jumatatu inapiga stata kwa nguvu lakini haipokei hata kidogo. Mafuta yapo, kama lita 4. Plagi imewekwa mpya, bado. Fundi wa kwanza kasema CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi), wa pili kasema kabureta ishushwe, wa tatu anataka kufungua hedi (kichwa cha silinda). Kununua vyote hivyo kwa kubahatisha ni hela nyingi. Mnaozijua hizi mashine, mnaanza na kipi? Natanguliza shukrani.

#2 Kilombero255
CDI hiyo mkuu. Maji ya presha yameipiga. Funga nyingine uendelee na safari.

#3 DadaMita
Kilombero255, taratibu. CDI imemiminiwa gundi ngumu ndani, maji ya kuoshea hayaiui kirahisi. Yanapopenya ni kwenye soketi za waya, kofia ya plagi na swichi za usukani. Halafu CDI hainunuliwi kwa kufananisha soketi. Ziko zinazokula umeme wa betri, na ziko zinazolishwa na koili iliyo nyuma ya fulawili (gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini). Kwa macho zinaweza kufanana kabisa. Ukifunga isiyo yake hupati moto, na tatizo la kwanza bado litakuwa pale pale.

Njiro_Juu, thibitisha kwanza kama moto upo. Chomoa plagi, irudishie kofia yake, uzi wake uuegemeze kwenye chuma cha injini kisicho na rangi, mbali na tundu la plagi kwa sababu pale panatoka mvuke wa petroli. Usiishike kwa mkono, ifunge kwa waya. Piga stata sekunde 3. Cheche ya bluu inayolia kwa mfululizo ni nzuri. Ya njano, nyembamba, inayoruka mara moja moja, ihesabu kuwa mbovu hata kama unaiona.

#4 FundiSakina
Naongezea hapo. Nyingi za kichina zina njia zaidi ya moja ya kuzimia: swichi nyekundu ya usukani, kamba ya usalama inayochomoka dereva akianguka, na kile kisanduku cha alamu ya rimoti. Kwenye CDI ya koili, zote zinaishia kwenye waya mmoja mweusi wenye mstari mweupe. Waya huo ukigusa bodi moto unakufa, na maji kidogo ndani ya swichi yanatosha kuugusisha. Uchomoe pale kwenye soketi ya CDI, uache unaning'inia, piga stata. Moto ukirudi, CDI ni nzima, shida iko kwenye swichi. Ila ujue injini ikiwaka hivyo haitazimika kwa ufunguo, kwa hiyo weka ubao karibu wa kuziba mdomo wa kabureta.

Kwenye CDI ya betri mambo ni kinyume. Swichi ndiyo inayokata umeme, basi unapima kama volti 12 zinafika.

Na stata usiikande. Sekunde 5, pumzisha nusu dakika. Watu wanaua stata na betri wakitafuta tatizo la plagi.

#5 Kibosho_Juu
Na swichi ya breki? Nyingine hazikubali bila kukanyaga breki.

#6 Mzee_wa_Plagi
Mangi wa Kibosho, hiyo kwa mashine nyingi inazuia stata isizunguke. Hapa stata inazunguka, breki na gia tuviache.

Njiro_Juu, injini inataka mafuta, moto, kompresheni, na vyote vifike kwa wakati wake. Kipimo cha kutenganisha tatizo la mafuta na mengine ni hiki: plagi nje, mimina petroli nusu kijiko cha chai kwenye tundu, isizidi, rudisha plagi, fuata na stata. Ikipokea sekunde mbili ikazima, moto na kompresheni vinatosha, nenda kwenye kabureta. Isipopokea kabisa, acha kabureta ilipo. Chombo cha petroli kiwe mbali kabla hujagusa stata.

#7 Tengeru_Shambani
Shikamoo mzee. Kabla ya kijiko, legeza ile skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa nyeupe ya plastiki, acha itulie dakika moja uitazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli. Utayaona chini yamekaa kama shanga, yanabingirika ukiinamisha chupa. Matone machache tu yanafika kwenye jeti ya pailoti (kijitundu cha mafuta ya kuwashia na sailensa) na kazi imeishia hapo. Tundu la jeti hiyo halifiki nusu milimita, mara nyingi ni 0.35 hadi 0.40. Usilichokoe kwa waya wa chuma, litapanuka. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, halafu puliza kwa kompresa.

Kama bakuli lenyewe ni kavu, fungua kifuniko cha tenki uone kama petroli itaanza kushuka. Kipumulio cha kifuniko kikizibwa na tope, tenki linajivuta lenyewe na mafuta hayatoki. Angalia pia kimpira chembamba kinachotoka kwenye mdomo wa injini kwenda kwenye koki (kifungio cha petroli chini ya tenki). Koki za aina hiyo zinafunguka kwa mvuto wa injini, kimpira kikipasuka hakuna tone.

#8 Mzee_wa_Plagi
Marahaba Tengeru. Umenena.

#9 Njiro_Juu
Asanteni. Majibu ya jana jioni:

Waya mweusi-mweupe umechomolewa, hakuna tofauti. Cheche ipo, bluu, inalia. Chupa: petroli safi, hakuna shanga. Kijiko cha mzee: haikupokea hata mara moja. Plagi inatoka imelowa na inanuka petroli. Betri ina volti 12.5 ikitulia, inashuka hadi 10.2 stata ikizunguka. Kompresheni kwa geji ya kuazima, akseleta imebanwa hadi mwisho: psi 95.

#10 Kilombero255
Basi nafuta CDI. Hiyo imefurika mafuta.

#11 FundiSakina
Kufurika kunawezekana sana, na wewe mwenyewe umeongeza kijiko juu yake. Fanya hivi. Funga koki. Chomoa plagi, zungusha stata mara tatu za sekunde 5 ili mafuta yatoke, huku plagi imefungwa kwenye bodi mbali na tundu. Usiiache kofia ikielea hewani, umeme ukikosa njia unaweza kuua koili au CDI. Acha dakika 15. Weka plagi kavu, choki isivutwe kabisa, akseleta hadi mwisho, piga stata sekunde 5.

Halafu vuta kijiti cha oili ukinuse. Sindano ya boya ikikwama, petroli inapita kwenye silinda na kushuka kwenye oili. Kiwango kikiwa kimepanda au oili imekuwa nyepesi kama maji, imwage yote. Usiizungushe zaidi na oili ile, inaosha beringi.

Kitu kingine: sponji ya chujio la hewa. Umesema imeoshwa kwa presha. Sponji iliyonywa maji inaziba hewa, mafuta yanavutwa peke yake, plagi inalowa. Fungua boksi la chujio uone. Kimpira cha kutolea maji chini ya boksi huwa kimejaa vumbi limegeuka udongo. Vumbi letu hili la volkano ni laini kama unga, likilowa linashika kama saruji.

#12 Pasua_Moto
Mnazunguka bure. Psi 95 ni injini iliyochoka. Nzima inatoa 150 na kupanda. Fundi wa tatu yuko sahihi, hedi ifunguliwe.

#13 DadaMita
Pasua_Moto, 150 hiyo ni ya usawa wa bahari. Arusha tuko mita 1,400 hivi, presha ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Injini inayotoa 150 Dar, hapa itasoma kama 127. Kwenu Moshi mjini mko chini yetu kwa karibu mita 500, geji hiyohiyo itasoma juu kidogo. Kwa hiyo 95 ya Njiro si 95 ya Tanga.

Pili, za Kijapani nyingi zina kifaa kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) kinachoachia vali ya eksozi kidogo wakati wa stata. Hizo zinasoma chini zikiwa nzima kabisa. Njiro_Juu, yako ni ya kamshafti juu au ya fimbo na roka (mikono midogo inayosukuma vali)?

#14 Njiro_Juu
Ya fimbo na roka.

#15 DadaMita
Basi kwa kawaida haina hicho kifaa, na 95 ni ndogo hata kwa Arusha. Ndogo, lakini haijafa. Nilitegemea walau ipokee kwa kukohoa.

#16 Mzee_wa_Plagi
Usifungue hedi kabla ya kujua kama hewa inatorokea kwenye ringi za pistoni au kwenye vali. Mimina oili safi kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi, zungusha kidogo isambae, pima tena. Ikipanda kwa psi 20 au 30, ringi zimelegea au petroli imeosha ukuta wa silinda. Silinda iliyooshwa na petroli inasoma chini hata kama ringi ni mpya, jambo hili linasahaulika. Isipopanda, hewa inatokea kwenye vali.

Kwa vali, anza na tapeti, yaani nafasi kati ya roka na vali. Injini baridi kabisa. Zungusha mpaka alama ya T ya fulawili ikae kwenye mstari wake, na roka zote mbili ziwe zinacheza. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wenyewe, zungusha mara moja zaidi. Pitisha fila geji (vibapa vya kupimia nafasi). Injini nyingi za fimbo zinataka kati ya mm 0.05 na 0.10. Kama geji ya 0.05 haipiti upande wa eksozi, vali haikai kwenye kiti chake na kompresheni inatoroka. Dakika 20, gharama ni gasketi ya kifuniko.

#17 Kiboroloni_Umeme
Mmeikubali cheche haraka mno. Cheche ya nje inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda hewa imebanwa, umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka pengo lilelile. Koili dhaifu itakuonyesha bluu nje na ndani isitoe kitu. Plagi iliyolowa ndiyo inamalizia kabisa.

Pima kofia ya plagi peke yake, ichomoe kwenye waya kwa kuizungusha. Nyingi ni karibu om 5,000. Ikisoma zaidi ya om 10,000 au haisomi, tupa. Kata waya wa koili milimita 5 upate shaba mpya, rudisha. Pengo la plagi liweke 0.6. Kama injini yako inatumia D8EA au D8TC, uzi wake ni mm 12, usikubali kuuziwa za pikipiki ndogo zenye uzi wa mm 10. Kwa kipimo cha uhakika, tengeneza pengo la milimita 6 hewani. Cheche isiyoruka milimita 6 usiitegemee.

Na kisoma-taimingi kilicho pembeni ya fulawili, waya wa bluu-nyeupe na kijani: nyingi ziko om 100 hadi 200. Nafasi kati yake na kile kinundu cha fulawili isizidi milimita moja.

#18 Pasua_Moto
DadaMita, hoja ya mwinuko naikubali. Lakini basi wenye ATV waliozileta kutoka Dar wangekuwa hawawashi. Kwamba jeti ni kubwa kwa hewa ya huku, hilo nalo si sababu?

#19 Tengeru_Shambani
Jeti kubwa, ile kuu ya mwendo, haina kazi wakati wa kuwasha, chalii yangu. Wakati huo ni pailoti na choki tu. Jeti kubwa isiyopunguzwa utaiona kwa plagi nyeusi ya masizi na injini nzito ukipanda kwenda geti la Machame. Ila ni kweli kwamba huku choki inatumiwa vibaya. Juni na Julai asubuhi unaihitaji, Februari mchana ukiivuta unafurisha.

#20 Machame_Njia
Samahani kudandia uzi. Yangu ni ya injekta, haina kabureta. Ilipinduka taratibu kwenye mtaro, ikainuliwa, inapiga stata haiwaki. Haya yote yananihusu?

#21 FundiSakina
Ya kwako anza kwingine. Washa ufunguo bila stata, sikiliza tenki: pampu ilie sekunde 2 au 3 inyamaze. Hizo zina sensa ya kupinduka, inakata mafuta mashine ikilala. Iweke sawa kwenye tambarare, zima ufunguo, hesabu kumi, washa tena. Kwa nyingi hiyo peke yake inairudisha. Pampu isipolia, fyuzi na rilei yake kabla ya kitu kingine. Ikilia na haiwaki, pima presha ya mafuta, nyingi ziko psi 39 hadi 45. Taa ya injini ikipepesa, hesabu mipepeso, hiyo ni namba ya kosa.

Kisha angalia oili haijaingia kwenye boksi la hewa wakati imelala. Na kama stata ilizunguka ikagonga na kukwama ghafla, usiendelee. Chomoa plagi kwanza. Silinda yenye maji au oili haibanwi, inapinda fimbo ya pistoni.

#22 Machame_Njia
Ufunguo umezimwa na kuwashwa, imewaka. Mungu awabariki.

#23 Kibosho_Juu
Mmoja kapona. Njiro_Juu, petroli yako ni ya kituo au ya chupa barabarani? Iliyochanganywa na mafuta ya taa inalowesha plagi na haishiki moto.

#24 Tengeru_Shambani
Swali zuri. EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ilianza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo, lakini ya chupa kando ya barabara hujui imepitia wapi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inakauka bila kuacha kitu. Ikiacha duara la mafuta, imechanganywa.

#25 Njiro_Juu
Ya kituo, karatasi imekauka safi. Majibu ya leo:

Sponji ilikuwa imejaa maji, imekamuliwa na kuanikwa. Oili haina harufu ya petroli. Baada ya kijiko cha oili, kompresheni imepanda kutoka 95 hadi 118. Tapeti: upande wa kuingiza 0.08, upande wa eksozi 0.05 inapita kwa kubana, 0.08 haipiti. Kofia ya plagi om 5,200. Nikapiga stata bila sponji, plagi kavu, akseleta wazi: imekohoa mara mbili, ya pili ikapiga risasi kwenye eksozi, ikanyamaza. Sasa haikohoi tena.

#26 FundiSakina
Sponji hiyo ndiyo chanzo. Kilichobaki ni silinda iliyooshwa na plagi iliyolowa tena. Plagi nyingine kavu, rudia.

#27 Pasua_Moto
Kutoka 95 hadi 118 ni ringi. Vumbi limepita kwenye chujio muda mrefu, likala ukuta. Sponji ni nyongeza tu.

#28 Mzee_wa_Plagi
Au petroli imeosha ukuta, kama nilivyoandika pale #16. Huwezi kuihukumu ringi leo. Acha oili ile ikae usiku kucha, pima kesho kukiwa kukavu. Tapeti ya eksozi ilegeze ifike 0.08, iko ukingoni.

#29 Kiboroloni_Umeme
Risasi kwenye eksozi ndiyo mimi nimeishika. Mafuta yamefika, moto umefika, ila umefika wakati si wake. Kii ya fulawili, kile kipande cha nusu duara kinachoishikilia kwenye kranki, kikikatika nusu, fulawili inateleza kidogo. Cheche unaiona nzuri, taimingi imekufa. Chomeka mrija wa plastiki kwenye tundu la plagi, zungusha kwa mkono mpaka alama ya T ifike. Kama pistoni haiko juu kabisa, kii imekatika.

#30 Kilombero255
Risasi inapiga hata kwa mafuta yaliyojikusanya kwenye eksozi baada ya siku tatu za stata. Haithibitishi kii.

#31 DadaMita
Kweli, haithibitishi. Na kipimo cha mrija kina udhaifu: pistoni ikikaribia juu inakuwa kama imesimama. Fulawili ikiteleza digrii 10 mrija hautakuonyesha.

Njiro_Juu, fanya hivi. Zungusha mpaka mrija uwe umeshuka milimita 10 kutoka juu kabla pistoni haijafika kileleni, weka alama kwa kalamu kwenye fulawili usawa wa mstari wa bodi. Endelea mwelekeo uleule mpaka ushuke milimita 10 upande wa pili, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo kilele halisi. T ikiwa hapo katikati, kii ni nzima, rudi kwa FundiSakina na mzee. Ikiwa pembeni kwa upana wa kidole, tafuta pula ya fulawili (kifaa cha kuing'olea) yenye uzi wake, mtaa wa Unga Limited hukosi wa kukuazima. Nyundo isiguse fulawili, sumaku zake zinabanduka ndani.

#32 Njiro_Juu
Nimeelewa. Mrija na kalamu ninavyo, kesho asubuhi kabla sijagusa stata.